Kamera Inayohukumu Ndani ya Chipu: Kioo, Picha au Shahidi?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, muhula uliopita viatu vilipotea mara kwa mara mlangoni mwa musalla yetu. Siku moja begi lenye kompyuta ya ndugu yetu wa mwaka wa kwanza lilichukuliwa yeye akiwa katika rakaa ya pili ya adhuhuri. Katika kikao cha jumuiya ikapendekezwa tufunge kamera. Upande wa akina dada ukapinga, kwa sababu mlango wao unatazamana na sehemu ya kutawadhia, na anayetawadha hufunua mikono, miguu na kichwa. Ndipo ndugu mmoja wa uhandisi akasema kwamba siku hizi zipo kamera zisizohifadhi picha wala kutuma picha. Zinatazama, zinahesabu, kisha zinatoa jibu tu.

"Hiyo ni kama kioo," akasema.

Dada mmoja akamjibu: "Kioo hakisemi."

Kikao kikaahirishwa, nami nikapewa kazi ya kuandaa darasa hili. Mimi ni mwanafunzi, si mufti. Ninachoweza kufanya ni kuweka mambo mezani kwa mpangilio ili tunaowauliza wapate swali lililo wazi.

1. Kwa nini mwanafunzi wa sharia ajifunze chipu

Walimu wetu wa usuli hutufundisha kanuni moja mapema kabisa: kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Asiyejua benki inavyofanya kazi hawezi kutoa hukumu ya mkataba wake, na asiyejua dawa ilivyotengenezwa hawezi kusema kama ni halali. Vivyo hivyo kwa kamera. Tukijibu kwa haraka kwamba "kamera ni kamera" au kwamba "hii si kamera", tutakuwa tumehukumu neno huku kitu chenyewe hatujakifahamu. Kwa hiyo tuingie kwanza ndani ya kitu chenyewe.

2. Nuru inavyogeuka kuwa namba

Nyuma ya lenzi ya simu yako kuna kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho kihisi cha picha. Juu yake zimepangwa pikseli kwa mamilioni, kwa safu na mistari, kama mashimo ya bao. Nuru ikigonga silikoni, hung'oa elektroni na kuziacha huru. Einstein alieleza mwaka 1905 jinsi nuru inavyoweza kung'oa elektroni, na ni kazi hiyo iliyotajwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Kila pikseli hukusanya elektroni zake kama shimo la bao linavyokusanya kete. Palipoangukiwa na nuru nyingi pana kete nyingi, na penye kivuli pana chache. Muda wa kupiga picha ukiisha, kete za kila shimo huhesabiwa na kuandikwa kwa namba. Picha nzima ni orodha ya namba hizo.

Kihisi cha kwanza cha aina hii kilibuniwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani na Willard Boyle na George Smith, waliopata Nobel mwaka 2009. Katika chipu hiyo kete zilisukumwa kutoka shimo hadi shimo mpaka ukingoni, na huko ndiko zilikohesabiwa. Miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake, katika maabara ya JPL ya shirika la anga la Marekani, walistawisha namna nyingine: kila pikseli ipewe transista zake za kuikuza ishara papo hapo. Kutokana na njia hiyo kamera zikawa ndogo, rahisi, na zisizokula betri sana. Simu zetu zinatumia njia hiyo.

Jambo moja hapa tuliweke akilini, maana tutalirudia. Pikseli yenyewe haijui rangi. Juu ya kila moja huwekwa kichujio kidogo cha rangi, kwa mpangilio aliouvumbua Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili hupokea kijani, moja nyekundu na moja buluu. Kila pikseli inapima rangi moja tu kati ya tatu, na zile mbili nyingine hukadiriwa kwa kutazama majirani zake. Maana yake ni kwamba theluthi mbili ya rangi katika picha ya kawaida haikupimwa, imekisiwa kwa hesabu. Hata picha tunayoiita "ushahidi mtupu" tayari ina hukumu ndani yake.

3. Kutoka nyumba ya chini hadi ghorofa

Sasa fikiria kiwanja kidogo cha mjini. Unataka vyumba vya kulala, jiko, stoo na choo, na vyote viwe chini. Ukiongeza jiko, chumba kinapungua. Ndivyo vihisi vya zamani vilivyokuwa. Pikseli na saketi za kusoma namba vilikaa kwenye uso mmoja wa silikoni na kugombania nafasi. Tena nyaya za metali zilipita juu ya sehemu inayopokea nuru, kama mtu aliyepanda mchicha chini ya kamba za kuanikia nguo. Sehemu ya nuru ilizuiwa kabla haijafika.

Hatua ya kwanza ya kuondoa tatizo hili ilikuwa kukigeuza kipande juu chini. Silikoni inasagwa kwa nyuma mpaka ibaki unene wa mikromita chache tu, kisha nuru inaingizwa kwa upande huo wa nyuma na nyaya zinabaki chini. Sony ilianza kuuza vihisi vya namna hii mwaka 2009.

Lakini kipande kilichosagwa hivyo ni chembamba mno, hakiwezi kusimama peke yake. Kilibandikwa juu ya kipande kingine cha silikoni kisicho na kazi yoyote ila kukishikilia. Mwaka 2012 Sony ikatangaza hatua iliyofuata: badala ya kuweka chini kipande kisicho na kazi, iweke chipu kamili yenye saketi. Hapo nyumba ikawa ghorofa. Juu wanakaa wapokeaji wa nuru peke yao, chini wanakaa wahesabuji.

Faida yake si nafasi tu. Tabaka la pikseli linataka utengenezaji wa namna moja, unaojali utulivu na usafi wa ishara. Tabaka la hesabu linataka utengenezaji mwingine, wenye transista ndogo na za kasi. Zilipokuwa kwenye kipande kimoja, kila upande ulilazimika kumvumilia mwenzake. Zilipotenganishwa, kila upande ukatengenezwa kwa namna inayoufaa.

Ngazi za ghorofa hili ni nyaya. Mwanzoni matabaka yaliunganishwa kwa vitundu vilivyotobolewa kwenye silikoni na kujazwa metali, vingi vikiwa pembezoni. Kuanzia mwaka 2016 vikaja vihisi vilivyounganishwa shaba kwa shaba, yaani vidoa vya shaba vya tabaka la juu vinakutanishwa na vya tabaka la chini uso kwa uso. Shaba hiyo ndiyo madini yale yale ambayo ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi wameishi juu yake kwa vizazi. Mwaka 2017 Sony ikatangaza kihisi cha simu chenye matabaka matatu, katikati yake kukiwa na tabaka la memori. Pikseli zilimimina namba katika stoo hiyo kwa kasi kubwa, na simu ikaweza kuchukua picha 960 kwa sekunde moja.

4. Ghorofa linapoanza kufikiri

Mwaka 2020 Sony ikatangaza kihisi kiitwacho IMX500. Juu kina pikseli milioni 12.3. Chini kina saketi za kusafisha picha, memori, na prosesa iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu za akili bandia. Hii ndiyo aina ya kamera aliyoizungumzia ndugu yetu wa uhandisi.

Ili uone tofauti, tupige hesabu. Chukua pikseli milioni 12.3, kila moja iandikwe kwa biti 10, mara picha 30 kwa sekunde. Unapata biti bilioni 3.69 kila sekunde. Katika mpango wa kawaida mzigo huo wote, au sehemu yake iliyobanwa, unatoka kwenye kihisi kwenda prosesa ya nje, pengine hadi kompyuta ya mbali kupitia intaneti. Huko ndiko mashine inakoamua kama kilichoonekana ni mtu, mbuzi au gari. Katika mpango mpya uamuzi unafanyika kwenye tabaka la chini, chini ya pikseli zenyewe. Kinachotoka kinaweza kuwa sentensi fupi tu: watu 43. Namba hiyo inaenea katika biti 8. Umeme unapungua, kuchelewa kunapungua, na picha inaweza kufutwa bila kutoka kamwe nje ya chipu.

Kuna mipaka yake. Memori ya IMX500 kwa kazi hiyo ni takriban megabaiti 8, kwa hiyo inabeba akili ndogo tu. Inaweza kufundishwa kumtambua mtu, lakini si kujibu kila swali. Joto nalo ni tatizo, maana hesabu zinapokuwa nyingi chini, joto linapanda juu, na silikoni yenye joto huachia elektroni ambazo hazikung'olewa na nuru. Ni kama kete zinazojitupa zenyewe katika mashimo ya bao.

Na hili ndilo kubwa kwetu: kihisi hicho hicho kinaweza kupangwa kitoe jibu tupu, au picha, au vyote viwili. Mwaka 2024 ilitoka kamera ndogo ya Raspberry Pi yenye IMX500 kwa dola 70, na kwa matumizi yake ya kawaida inatoa picha pamoja na jibu. Kwa hiyo anayesema "kamera hii haitoi picha" anaeleza mpangilio uliochaguliwa na mtu, na mpangilio hubadilishwa na mwenye nenosiri.

5. Ibn al-Haytham alitofautisha kuhisi na kuhukumu

Wanafunzi wengi tunamjua Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata 1040, kwa sababu ya chumba chenye giza na tundu la nuru. Hilo ni kweli, lakini katika kitabu chake kuhusu nuru na kuona, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, kuna jambo linalotuhusu zaidi leo.

Alieleza kwamba kuona hakuishii nuru inapoingia jichoni. Kuna kinachopatikana kwa hisi tupu, nacho ni nuru na rangi. Kuna kinachopatikana kwa kutambua, kama unapomwona rafiki na kumjua kwa sababu umewahi kumwona. Na kuna kinachopatikana kwa kupima na kulinganisha, kama umbali na ukubwa. Yote haya hutokea upesi kiasi kwamba mtu hudhani ameona tu, kumbe amehukumu. Na kwa kuwa kuna hukumu, kuna kukosea. Sehemu nzima ya tatu ya kitabu chake ni kuhusu makosa ya kuona.

Sayansi ya leo inaonyesha kwamba jicho lenyewe linaanza kazi hiyo. Retina ina chembe zaidi ya milioni 100 zinazopokea nuru, lakini neva inayotoka kwenda ubongoni ina nyuzi takriban milioni moja. Maana yake ni kwamba kuna matabaka ndani ya retina yanayofupisha habari kabla ya kuituma. Waliojenga kihisi cha ghorofa wamefika, kwa jasho la miaka mingi, karibu na mpango ambao kila mmoja wetu amezaliwa nao. Subhanallah.

Basi tukitumia lugha ya Ibn al-Haytham, tabaka la juu la kihisi linahisi, na tabaka la chini linahukumu. Kamera ya zamani ilituletea hisi na kutuachia sisi hukumu. Kamera hii inatuletea hukumu na kuificha hisi.

6. Kioo, picha au shahidi?

Turudi kwa ndugu na dada wa kikao chetu.

*Je, ni kioo?* Fikra ya kioo ina asili katika fiqhi ya zama za karibuni. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri, alipoandika kuhalalisha picha za kamera, hoja yake ilikuwa kwamba kamera haiumbi sura bali inazuia kivuli kisiondoke. Wapo wanazuoni waliomkubali na wapo waliomkatalia, na mjadala huo unajulikana. Ndugu yetu anaweza kusema: ikiwa kuzuia kivuli kumeruhusiwa, basi kamera isiyokizuia hata hicho kivuli ni nyepesi zaidi. Katika mlango wa taswira, naona hoja yake ina nguvu.

Lakini pingamizi la akina dada halikutoka mlango wa taswira. Limetoka mlango wa sitara na kupeleleza. Sura ya al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Sahl bin Sa'd habari ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume akiwa na kitana cha chuma mkononi. Mtume alimkemea vikali, na akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa ajili ya macho.

Tulitafakari hilo. Mtu yule hakuwa na karatasi wala kadi ya memori. Hakuhifadhi picha yoyote. Kosa lilikuwa kutazama kwenyewe. Kwa hiyo jibu la kwamba "kamera haihifadhi picha" halitoshi peke yake kuufunga mlango huu.

Mtu anaweza kusema: lakini mashine haina matamanio, haina ulimi, wala si mukallafu. Ni kweli. Kwa hiyo mzigo unamrudia aliyeifunga na anayepokea habari zake, na swali linakuwa: amepata habari gani? Akiambiwa "watu 43 wameingia", hajamwona yeyote. Akiambiwa "fulani ameingia saa 7:10 akifuatana na fulani", amepeleleza, hata kama hakuna picha moja duniani. Kipimo changu, basi, ni hiki: tusiangalie tu kama kuna picha, tuangalie yaliyomo katika habari inayotoka.

*Je, ni shahidi?* Hapa ndipo neno la dada yetu lina uzito. Kioo hakisemi, lakini kihisi hiki kinasema. Na anayesema, katika elimu yetu, huulizwa uadilifu wake na umadhubuti wake. Al-Hujurat hiyo hiyo, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari inayoletwa na fasiki ili tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Mashine haiwi fasiki wala adili, lakini sababu ya amri, yaani kumdhuru mtu kwa habari isiyohakikishwa, ipo palepale.

Tena madhara haya yamepimwa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti wa mifumo mitatu iliyouzwa kwa ajili ya kutambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi, lilifika asilimia 34.7. Ndugu zangu, waliokaa katika saffu za nyuma za musalla yetu ni hao hasa. Tatizo halikuwa kwenye pikseli. Lilihusu picha zilizotumika kuifundisha mashine, ambamo nyuso kama zao zilikuwa chache.

Kamera ya kawaida ikikosea, tunaweza kuirudia picha na kusema: hapana, huyu si yeye. Kihisi kilichotupa picha na kubakisha neno hakituachii kitu cha kurudia. Kile kile kinachositiri aura zetu ndicho kinachositiri kosa lake.

7. Ninayopendekeza kwa kikao

Kwanza, tukiri ukweli mmoja. Kihisi kinachohesabu watu tu hakitamkamata mwizi wa viatu. Na kamera inayoweza kumkamata mwizi ni ile inayotunza sura za watu, nayo ina masharti mazito zaidi. Haja hukadiriwa kwa kiasi chake. Kabla ya kununua chochote, tujaribu kabati lenye kufuli na zamu ya watu wawili wakati wa adhuhuri na alasiri. Hilo likitosha, tumemaliza.

Pili, ikionekana kamera inahitajika, isielekezwe kabisa sehemu ya kutawadhia wala mlango wa akina dada, hata kama muuzaji anaapa kwamba haitoi picha.

Tatu, kuwe na tangazo mlangoni linalosema kuna nini, kinapima nini, na nani wa kumuuliza. Idhini ya macho haipatikani kwa siri. Sheria za nchi zetu nazo zimeingia humo: Uganda ina sheria ya kulinda data na faragha ya mwaka 2019, na Rwanda ina yake ya mwaka 2021.

Nne, nenosiri liwe amana ya watu wawili, mmoja wao awe dada, ili mpangilio usibadilishwe na mtu mmoja usiku.

Tano, asitajwe mtu yeyote kwa wizi kwa neno la mashine peke yake. Likitoka neno, liwe sababu ya kuchunguza, lisiwe hukumu.

Maswali ya halaqa

1. Kuna tofauti gani kati ya kutazama, kuhifadhi na kutoa habari? Ni ipi kati ya hizo inagusa haki ya mwenzako zaidi?
2. Ikiwa theluthi mbili ya rangi za picha zimekadiriwa, tuseme nini kwa anayeitegemea picha kama ushahidi wa yakini?
3. Nani mwenye dhamana mashine ikimtuhumu asiye na kosa: aliyeitengeneza, aliyeifundisha, au aliyeifunga?

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri aibu zetu, atulinde na dhana mbaya, na amrudishie ndugu yetu mali yake au ampe iliyo bora kuliko hiyo. Yaliyo sahihi humu ni kwa tawfiki yake, na makosa ni yangu.

Wallahu a'lam.